Shamba la Wageni

Siku niliyorudisha funguo za ofisi, mmoja wenu aliniuliza kama nina neno la kuwaachia. Nilikuwa na mengi, lakini keki ilikuwa mezani na bosi alikuwa akiangalia saa, kwa hivyo nikasema tu mfanye kazi kwa bidii, mkapiga makofi. Nilijionea haya njia nzima hadi Kayole. Maneno kama hayo hata kalenda ya ukutani ingewaambia. Sasa niko nyumbani, magoti yananisumbua lakini mikono ni mizima, na nimeona niwaandikie vizuri yale niliyoyapitia katika kazi ya ugani hapa Eastlands. Ya vyeo na mishahara nitayaacha. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliripoti kazini nikiwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu, kwa sababu barua ilisema ofisi ya kilimo, na mimi nikashika neno ofisi nikaliacha lile la kilimo. Aliyenipokea alikuwa Bwana Mutiso, afisa wa zamani kuliko wote pale, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Kila mtu alimwita Mwalimu. Aliniangalia kuanzia kichwani akishuka, na alipofika miguuni akasimama hapo.

“Madam, leo kuna harusi?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Basi ngoja.”

Aliingia stoo akatoka na gambuti za mwanamume fulani aliyekuwa amehamishwa. Tukajaza magazeti mbele ili miguu isiogelee, na kabla ya saa ya chai nilikuwa nimesimama kwenye tope la ukingo wa mto, nyuma ya viwanda, nikiangalia nduma. Watu wengi wa mji huu hawajui kama huku kwetu kuna mashamba. Wanaona ghorofa za kupangisha na nguo zilizoanikwa. Lakini chini ya nyaya za umeme, nyuma ya kuta za maghala, kando ya reli na hasa kando ya mto, kuna sukuma wiki, mchicha, managu, miwa na nduma, na kuna watu wanaoishi kwa mazao hayo. Hao ndio walikuwa wetu.

Mwalimu alinifundisha kwa kunikataza. Usimsemeshe mkulima ukiwa umesimama naye ameinama, chuchumaa. Usiulize mavuno kabla ya kuulizia watoto. Usikatae kikombe, hata kama umeona kilivyooshwa. Udongo ushike, uufinye, uunuse, ndipo utoe hivyo vifaa vyako. Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache: chuma cha kutobolea udongo, karatasi za kupimia uchachu ambazo zilikuwa zinaisha kila mara, na bomba la dawa lililovuja mgongoni mwa anayelibeba. Nililibeba mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgeni kazini. Nilinuka dawa hadi mume wangu akauliza kama naajiriwa au naadhibiwa.

Katika wiki zile za kwanza ndipo nilipopelekwa kwa Mama Zuhura. Nataka mmuelewe mama huyu, maana yaliyobaki yote yanamhusu. Wazee wake walitoka Pwani zamani wakakaa mitaa hii, na Kiswahili chake kilikuwa cha kumfanya mtu asimame asikilize. Shamba lake lilikuwa juu kidogo, karibu na barabara ya lami, na chini ya ukingo pale palitoka chemchemi ndogo ya maji baridi, safi, ambayo alimwagilia kwayo mwaka mzima. Mto ulipita nyuma yake tu. Yeye hakuwahi kuutumia. Mumewe alikuwa seremala Gikomba, na alikuwa ametengeneza benchi refu likawekwa chini ya kibanda cha mabati. Palikuwa na choo safi. Palikuwa na chai ya tangawizi na mahamri.

Na wageni wetu walikuwa wengi. Watafiti wa udongo, watafiti wa maji, wa miti, wa wadudu, wanafunzi wa vyuo, wafadhili. Kila mmoja alifika ofisini akisema anataka kumwona mkulima wa kando ya mto, na kila mmoja tulimpeleka kwa Mama Zuhura. Nikiwa bado mpya nilimuuliza Mwalimu kwa nini hatuwapeleki kwingine.

“Wewe mgeni akija kwako humpeleki jikoni,” alisema. “Unamkalisha sebuleni.”

Halafu akanipa sababu zenyewe. Kwa Mama Zuhura gari linafika. Viatu havichafuki. Mama anajua kuongea. Wakati mmoja mtafiti fulani alipelekwa mashamba ya chini, akateleza akaingia mtoni hadi kiunoni, na alipokuwa akivutwa atoke, kamera yake ikaondoka na mtu mwingine. Ikaja barua ya malalamiko ofisini. Tangu hapo ikawa desturi, na dereva hakuwa na haja ya kuambiwa njia. Mwalimu alipostaafu alituachia desturi hiyo pamoja na kabati, na sisi tukaendelea nayo kama tulivyoendelea na kabati.

Sasa niwaambie habari ya kule chini. Ukitoka kwa Mama Zuhura ukateremka, unapita mtaro wa saruji unaomwaga maji machafu mtoni kutoka upande wa viwanda. Baada ya mtaro huo ndipo yanapoanza mashamba ya watu wa Mukuru kwa Reuben, wengi wao waliotoka magharibi ya nchi, wanaoshinda kwenye lango la kiwanda asubuhi na wakikosa kibarua wanarudi kulima. Aliyekuwa kama mwenyekiti wao ni Baba Brayo, mtu mfupi, mwenye mikono mipana, asiyependa kuongea sana. Hao hawakuwa na chemchemi. Walichota mto, na mto pale ulikuwa umeshachukua kila kitu mtaro ulichouletea.

Nilifika kwao kila wiki kwa miaka mingi, na sijawahi kuwa na kazi ngumu kama hiyo. Sukuma wiki iliungua pembeni mwa majani. Ikipikwa ilitoa harufu ya rangi. Mikono ya watu ilipasuka na kutoka vidonda ambavyo havikupona. Mke wa Baba Brayo alikuwa akimwagilia kwa mkebe huku amefunga mifuko ya plastiki mikononi.

“Msitumie haya maji,” niliwaambia.

“Sasa tutumie gani, Madam?” Baba Brayo aliuliza. Hakuwa akinibishia. Alikuwa anauliza kweli.

Tukawaandikia wakubwa kuomba bomba. Bomba moja tu la maji safi lishushwe hadi kule chini, na mtaro ule uchunguzwe. Jibu lilipokuja lilisema eneo la kando ya mto limeshafanyiwa utafiti mara nyingi na halina tatizo. Nikaandika kwamba kuna juu na kuna chini, na kwamba ni vitu viwili. Nikajibiwa nilete ushahidi wa watafiti. Basi kila mtafiti aliyekuja nilimuomba, tukimaliza chai, tushuke kidogo. Wote walikubali. Kisha mmoja ana kikao, mwingine mvua inanyemelea, mwingine anaangalia viatu vyake halafu ananiangalia. Sikuwahi kumfikisha hata mmoja.

Kitu kingine nilikiona lakini sikukitilia maanani. Watu wa chini hawakumsalimu Mama Zuhura. Wakipita kwake kupanda barabarani walitazama mbele. Baba Brayo alimwita “huyo mama yenu wa wageni,” na alilisema hilo neno wageni kama mtu anayetema mbegu. Nilidhani ni wivu. Mama Zuhura mwenyewe alidhani hivyo hivyo, ila ulimuuma, kwa sababu alikuwa mtu wa watu.

Likaja kongamano. Lilikuwa la watafiti wa maliasili na washauri wa ugani kutoka kila upande wa nchi, na waandalizi waliamua lifanyike huku kwetu Eastlands, kwenye ukumbi wa mtaa, ili tuwe karibu na wananchi. Wananchi walituona kupitia madirisha. Jambo kubwa lilikuwa maazimio, yale ambayo yangesomwa asubuhi ya kufunga na kupelekwa kwa wakubwa wa kaunti, kuhusu nani alime kando ya mto na kwa maji gani. Wiki iliyotangulia Baba Brayo alinisindikiza hadi kwenye mtaro, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kufanya.

“Madam, huko mnaenda kuongea mambo ya huu mto?”

“Ndiyo.”

“Mtatukumbuka?”

Nikamwambia nitajaribu.

“Si lazima waseme tuendelee kulima,” alisema. “Wakisema ni mbaya, waseme ni mbaya. Lakini waseme. Mke wangu anakula hiyo mboga.”

Jambo la pili kubwa katika kongamano lilikuwa Mwalimu Mutiso. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa mkongojo, na waandalizi walikuwa wamemwalika kumtunukia ngao kwa kuanzisha shamba la mfano lililosaidia tafiti nyingi kuliko shamba lolote la mjini. Ngao ilikuwa mezani mbele, juu ya kitambaa cheupe, jina lake limechongwa. Alikuja amevaa koti lile lile la kijivu alilokuwa akivaa siku za ukaguzi. Nilipomwona nilifurahi hadi nikataka kulia. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kila kitu.

Mada zikaanza. Wa kwanza alikuwa Daktari Njoki, mwanamke mwerevu, mkarimu, wala msimdharau. Akaonyesha picha ya shamba la kando ya mto, na nikaliona benchi la mume wa Mama Zuhura. Nikatabasamu. Akafuata mtaalamu wa udongo, na benchi lilikuwa pale pale, limepigwa picha kutoka upande wa choo. Wa tatu alikuwa na picha ya mahamri. Jirani yangu, afisa kutoka Ukambani, alininong'oneza, “Huku kwenu kila mkulima ana benchi?” Nikacheka kimyakimya mabega yakatikisika.

Halafu sikucheka tena. Kila mmoja aliyesimama alisema amepima udongo na majani ya mboga akakuta viko salama, na kwamba matokeo yake yanaungwa mkono na ya wenzake. Ukumbi mzima ulitikisa vichwa kwa kuridhika. Bila shaka yaliungana mkono. Lilikuwa shamba moja, linalonyweshwa na chemchemi, na mto umepita nyuma ya picha tu. Nilijua siku zote kwamba wageni hufika pale, ila sikuwahi kuwasikia wote wakisema kwa mpigo mmoja. Kisha rasimu ya maazimio ikaonyeshwa ukutani: mboga za kando ya mto hazina tatizo, na maombi ya mabomba ya maji yasipewe kipaumbele. Nikakumbuka mkebe na mifuko ya plastiki mikononi mwa mke wa Baba Brayo. Likipita azimio hilo, ombi la Baba Brayo limezikwa.

Nilinyanyua mkono. Mwenyekiti akaniona, akaniashiria nisubiri, na katika kusubiri macho yangu yakaangukia ile ngao. Nikimaliza kusema nitakalolisema, ngao ile itakuwa ni ya nini? Nikaushusha mkono. Mwenyekiti akatangaza chai.

Nilimkuta Mwalimu kwenye kona, ameketi na kikombe chake magotini. Nikachuchumaa mbele yake, kama alivyonifundisha.

“Mwalimu, umeziona picha?”

“Nimeziona. Mimi ni mzee, si kipofu.”

“Zote ni kwa Mama Zuhura.”

“Zote.”

“Kule chini ya mtaro hakuna aliyefika.”

Nikataka kumshikia kikombe, akakisogeza.

“Hao wa chini wakoje?”

Nikamweleza. Majani, harufu, vidonda, maombi na majibu. Sikuficha kitu na sikuongeza.

“Na wewe ulinyanyua mkono, ukaushusha,” alisema. “Kwa nini?”

“Ngao yako iko mezani, Mwalimu.”

“Ile ni mbao tu.” Akanipa kikombe. “Lakini ukumbini hawatakusikia. Watasema unaleta siasa ya wakulima wako. Mchana tunatembelea shamba, sivyo?”

“Ndiyo. Ratiba ni ile ile.”

“Nitafutie kiti cha mbele kwenye basi.”

Baada ya chakula tukapanda basi tulilozoea kuwakodia wageni, watafiti na washauri, kofia vichwani na chupa za maji mikononi. Lilisimama pale lilipozoea kusimama. Mama Zuhura alikuwa amejipanga barabarani na wanawake wa kikundi chake, wote wamevaa leso za sare, chupa za chai zimepangwa kwenye benchi. Akaanza kupiga makofi ya kukaribisha. Dereva akafungua mlango.

“Funga,” Mwalimu akasema.

“Mzee, si hapa ndio huwa tunashukisha wageni?”

“Najua. Twende chini.”

“Kule? Kule ni matope tupu, mzee, na hii gari naosha mimi.”

“Nitakusaidia kuiosha. Twende.”

Daktari Njoki akaja mbele, kwa adabu. “Mwalimu, samahani, ratiba inasema—”

“Hii ratiba nimeitunga mimi, mwanangu, kabla hujaanza shule. Naijua.” Akashika kiti akasimama, akageuka kutazama basi zima. Nilikuwa nyuma yake, tayari kumdaka. “Huyu mama ni mkulima mzuri na hana kosa. Nilimchagua kwa sababu kwake wageni hawachafuki. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nimesikiliza tangu asubuhi mkinisomea shamba moja mara nyingi. Anamwagilia kwa chemchemi. Sasa nataka tuone mto.”

Dereva akafunga mlango. Basi likaondoka. Nilitazama dirishani nikamwona Mama Zuhura, makofi yamekatika, mkono mmoja umebaki juu na kikombe ndani yake. Wale wanawake walikuwa wanamwangalia yeye. Niliumia vibaya sana, na nawaambia wazi kwamba hadi leo nikikumbuka mkono ule naumia.

Kule chini hapakuwa na aliyejiandaa. Harufu ilitupokea kabla ya watu. Baba Brayo alikuwa ndani ya shamba, gambuti moja imepasuka, akauona umati wa kofia ukishuka kwenye tope akabaki ameshika jembe.

“Madam, si ungenitumia hata ujumbe,” alisema kwa sauti ya chini. “Sina hata kiti.” Kisha akawaangalia wale watu, akaniuliza, “Kwani leo ni kweli mmekuja? Sisi tuliacha kuwangoja.”

Sikuelewa maana ya kuacha kungoja. Sikuwahi kumwahidi siku. Lakini Mwalimu alikuwa anajaribu kuchuchumaa, na mimi na mtaalamu wa udongo tukamshika kwapani tukamshusha. Alifinya udongo, akaunusa, akaurudisha chini. Akamwomba Baba Brayo amwonyeshe mikono. Baba Brayo aliificha kwanza nyuma kama mtoto aliyeulizwa kama amenawa, halafu akaitoa. Mwalimu akaishika yote miwili. Nilimwona akilia, bila sauti.

“Nimepita hapo juu miaka yangu yote,” alimwambia. “Samahani, ndugu yangu.”

“Hakuna shida, mzee,” Baba Brayo akajibu, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyojibu mtu mwenye adabu hata pale ambapo shida ipo.

Daktari Njoki alivua viatu vyake, akaomba gambuti za mke wa Baba Brayo, akaingia mtoni mwenyewe na chupa zake. Aliporudi hakusema mengi. Aliniuliza tu kama picha zote za asubuhi zilikuwa za pale juu, nikamwambia ndiyo, akaketi kwenye tuta la mchicha na suruali yake safi.

Asubuhi ya kufunga, lile azimio liliondolewa, yeye mwenyewe akiwa ndiye aliyeomba liondolewe. Mwalimu alipoitwa kupokea ngao alisema hawezi kupanda jukwaa, magoti, wakaileta hadi kitini, akaiweka chini ya kiti na akaondoka bila kuinama kuichukua. Aliyesafisha ukumbi aliniletea ofisini. Majibu ya zile chupa yalipotoka yalikuwa mabaya, na watu wa chini waliambiwa wasiuze tena mboga. Baba Brayo na wenzake waling'oa sukuma wiki yao kwa mikono yao, na mimi nilikuwepo nikisaidia. Wengine walirudi kungoja kwenye malango ya viwanda, sikuwaona tena. Bomba lilifika, kwa mwendo wa mabomba ya kwetu, na waliovumilia wakaanza upya. Mke wa Baba Brayo hafungi plastiki mikononi siku hizi. Mtaro bado unamwaga, na kesi yake mmeirithi ninyi, kwa hivyo msiilalie.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini jioni ile ile ya basi, wageni walipokwisha kurudishwa hotelini, nilipanda peke yangu hadi kwa Mama Zuhura kumwomba radhi. Wenzake walikuwa wameshaenda. Yeye alikuwa kwenye benchi, amevua leso ya sare ameikunja pembeni, mahamri yamefunikwa kwenye sinia.

“Mlinipita, mwanangu,” alisema.

“Tulikupita, Mama. Nimekuja kukuomba msamaha.”

Nikamweleza yote, kuanzia desturi ya ofisi hadi maazimio. Alinisikiliza bila kunikatiza. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu iliyokataa.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Wale wageni wote. Wakinywa chai hapa, mkiondoka nao, mlikuwa hamteremki?”

“Hatukuwa tukiteremka, Mama.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja. Gari lilikuwa likigeuza pale mbele na kurudi mjini.”

Mkono wake ulikuwa unasugua ubao wa benchi kwenda na kurudi.

“Mimi nilijua mkitoka kwangu mnakwenda kwao,” alisema. “Kila mlipokuja nilimtuma mtu. Nikimwambia, kawaambie watu wa chini wageni wamefika, wako kwangu wanakunywa chai, wakimaliza wanashuka, jitayarisheni. Kila mara. Nikajua watafagia, watatengeneza chai, wasiaibike mbele za watu.”

Hapo ndipo nilipoelewa kungoja kwa Baba Brayo. Walikuwa wamefagia. Walikuwa wameazima viti, wamechemsha maji, wamesimama wakitazama juu hadi jua likazama, mara ngapi sijui, hadi wakaamua kwamba yule mama wa chemchemi anawadhihaki.

“Mzee wangu alipofariki,” Mama Zuhura akasema, “hakuja hata mmoja wa kule chini kumzika. Hata wa kushika jeneza hatua mbili. Nikawa nalala najiuliza hawa watu nimewakosea nini.”

Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akainuka, akaniuliza kama Baba Brayo angekuwa bado shambani. Nikasema nimemwacha huko. Akaniambia nichukue chupa ya chai, yeye akabeba sinia, tukashuka kwa ile njia ya tope, tukauvuka mtaro. Baba Brayo na mkewe walikuwa wanakusanya vitu vyao waondoke. Walipomwona wakasimama, na hakuna aliyetoa salamu. Mama Zuhura aliliweka sinia juu ya tuta, akalifunua.

“Jamani,” alisema, “mimi nilikuwa nikiwaambia ukweli.”